Sekunde Arobaini za Sikudhani

Mimi nilishika kipaza sauti, fimbo yenye manyoya
ambayo watoto wa Mtongani waliiita paka.
Kamera ilikuwa yake, Ligaya,
na watoto walimwita Mchina
hata baada ya miaka tisa, hata alipowajibu
kwa Kiswahili cha Ilala Bungoni alikopanga:
"Mchina shangazi yako. Mimi Mfilipino."

Siku ya kwanza tulipopita viwanja vya Sabasaba
alicheka mpaka akashika ukuta.
Kwao saba ni ndizi, ile ya kupika.
"Nchi gani hii, ina uwanja wa ndizi-ndizi?"
Na salamat kwao ni asante,
kwa hiyo kila nilipomjibu salama
yeye alisikia nashukuru,
na labda nilikuwa nashukuru.

Usidhani ni kazi ya zulia jekundu.
Jumamosi tulipiga picha harusi za Sinza,
keki, matarumbeta, mjomba akitunza noti za elfu mbili,
ili Jumatatu tununue umeme
tukae na machimbo ya Kunduchi ndani ya kompyuta
iliyonguruma kama cherehani.
Wafadhili walijibu: tumeipenda sana, ila.
Akaziita barua za ila.
Nikamwambia ila ni kasoro pia,
kizuri hakikosi ila.
Akazibandika juu ya jiko; mvuke wa wali ukazikunja.

Miaka minne tulimfuata Sikudhani.
Nyundo, jiwe, ndoo. Nyundo, jiwe, ndoo.
Neno lenyewe, kokoto, sikio langu liligundua
ni mlio wake: ko, ko, halafu to,
pale jiwe linapokubali.
Alivaa miwani ya jua yenye kioo kimoja.
Jicho la pili, alisema, limeshazoea vumbi.

Filamu ikatoka. Ikaenda ng'ambo bila sisi,
ikarudi na cheti na kikombe cha kioo
ambacho Ligaya alikitumia kuwekea miswaki.
"Watu walilia," akaniambia.
"Walilia?"
"Walilia."
Akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Tukampelekea mwenyewe.
Shuka ukutani kwa muuza mkaa, jenereta ya kuazima,
viti vya plastiki vya msiba
(tulivikodi kwa bei ya msiba).
Sikudhani alitazama dakika sabini na mbili
kimya, mikono mapajani,
kama mtu anayesubiri chenji yake.
Taa ikawaka. Akauliza:
"Na ile siku niliyocheka?"

Ipi?

"Ile. Mbuzi wa Mzee Ngwali alipokula kibali chako.
Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye kokoto.
Ulikuwa unapiga, Ligaya.
Kile kitaa chekundu kilikuwa kinawaka."

Zilikuwepo. Sekunde arobaini.
Ligaya alizikata, nilikuwa pembeni yake usiku ule,
kwa sababu baada ya kicheko kile
watu wasingelia.

Wengine wanahesabu kazi ya mtu kwa vikombe.
Mimi naanzia hapo, kwenye viti vya msiba:
aliomba radhi kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mama yake,
akaenda akaifungua filamu iliyokwisha kushinda,
akaifumua kama pindo la sketi,
akamrudisha mbuzi.

Hiyo ndefu haijaenda popote.
Iko Mtongani, ndani ya simu za watu,
inarushwa mkono hadi mkono,
sauti yangu si nzuri, upepo umeingia,
mbuzi anatafuna mhuri wa serikali,
na mwanamke mwenye kioo kimoja
anashika ubavu, anasema acha, Ligaya, acha,
na kamera, kwa mara ya kwanza katika miaka minne,
inatikisika.